Mtoto wa siku 14 bado ana manjano: pimeni bilirubini zote mbili

Ndugu Mhariri,

Ushauri ambao kurasa za afya za magazeti yetu huwapa wazazi wa mtoto mchanga mwenye manjano ni uleule miaka nenda miaka rudi: mnyonyeshe vya kutosha, muanike kwenye jua la asubuhi, yataisha. Kwa mtoto wa siku nne au tano anayenyonya vizuri, manjano kwa kawaida huisha kweli, jua liwepo lisiwepo. Barua hii inawahusu wale ambao siku ya 14 inafika na macho yao bado ni ya manjano. Wengi wao pia ni wazima. Lakini ndani ya kundi hilo wamo wachache ambao ini lao linaharibika siku hadi siku, na kipimo cha damu cha kuwatenga na wenzao mara nyingi hakiombwi, au huombwa nusu.

Kipimo hicho ni bilirubini, tena zote mbili: ya jumla na ya dairekti. Chembe nyekundu za damu zinapovunjika hutoa bilirubini isiyoyeyuka majini. Ini huibadilisha ikawa ya kuyeyuka, kisha huitoa pamoja na nyongo hadi kwenye utumbo, ambako ndiyo inayokipa choo rangi yake. Manjano ya siku za mwanzo hutokana na ile ya kwanza, ambayo ini changa halijaimudu. Ikipanda mno huweza kudhuru ubongo, na ndiyo inayotibiwa kwa taa za buluu wodini. Bilirubini dairekti ni ile ambayo ini limeshaishughulikia. Ikionekana kwa wingi kwenye damu, maana yake nyongo haitoki kwenye ini kama inavyopaswa. Jambo hilo si la kawaida kwa mtoto wa umri wowote. Jua haliiondoi, taa haziiondoi, na mtoto wa namna hii akiwekwa chini ya taa ngozi yake huweza kugeuka rangi ya shaba iliyofifia.

Mpaka wa kukumbuka ni miligramu 1 kwa desilita, yaani mikromoli 17 kwa lita. Dairekti ikizidi hapo, mtoto achunguzwe. Bado wapo wanaotumia kanuni ya zamani ya asilimia 20 ya jumla, na kanuni hiyo huficha wagonjwa. Chukua mtoto mwenye jumla ya 9 na dairekti ya 1.7. Kwa hesabu ya asilimia amepita, maana ni chini kidogo ya 19. Kwa hesabu ya kiasi chenyewe ni mgonjwa.

Nusu ya tatizo iko kwenye fomu ya maabara. Ukiandika "bilirubini" tu, utarudishiwa namba moja ya jumla, na namba hiyo haikwambii chochote kuhusu chanzo. Andika wazi kwamba unataka mbili. Chupa ya damu ifunikwe kwa foili au iwekwe gizani, kwa sababu mwanga huivunja bilirubini na majibu hushuka. Damu iliyovunjika kwenye bomba, jambo la kawaida mtoto akitobolewa kisigino na kukamuliwa kwa nguvu, huvuruga majibu. Ichukuliwe upya kwenye mshipa. Zahanati isiyo na mashine ina vijiti vya kupimia mkojo, na vingi vina kiraka cha bilirubini. Bilirubini isiyoyeyuka haipiti kwenye mkojo, kwa hiyo kiraka kikibadilika rangi hilo ni jibu la kutosha kumpa mtoto rufaa leo. Kisipobadilika, usimtoe hatarini kwa kijiti peke yake.

Miongozo ya kimataifa inaruhusu mtoto anayenyonya vizuri, mwenye choo na mkojo wa rangi ya kawaida, asubiri hadi wiki ya tatu iwapo kuna hakika atarudi. Kwa maoni yetu ruhusa hiyo haitufai. Mama anayetoka mbali kwa bodaboda na nauli ya kukopa asiambiwe "rudi wiki ijayo tuone". Mpimeni siku hiyohiyo aliyofika.

Manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza ni habari nyingine: kutopatana kwa damu ya mama na mtoto, maambukizi, au upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ambao ukanda wetu wa pwani unao kwa wingi, hasa kwa watoto wa kiume. Huyo anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Na kwa kuwa huvunja damu ya mtoto mwenye upungufu huo, vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo kabatini visikae kabisa pamoja na nguo za kichanga.

Kwenye ngozi nyeusi manjano huanza kuonekana yakiwa yamekwisha kuwa mengi. Tazama weupe wa macho, ufizi na kaakaa, nyayo na viganja, mchana, karibu na dirisha. Tochi ya simu hudanganya.

Sasa choo, ambacho hakihitaji mashine. Mtoto anayenyonya anatakiwa apate choo cha manjano iliyokolea, cha kijani au cha kahawia. Choo cheupe, cha kijivu, cha rangi ya krimu au manjano iliyopauka kabisa ni ishara kwamba nyongo haifiki kwenye utumbo. Hapa kuna mitego mitatu. Wa kwanza, choo cheusi cha siku za mwanzo huwa cha kawaida hata kwa mtoto mwenye mirija ya nyongo inayoziba, na wiki ya kwanza au ya pili choo kinaweza kuwa na rangi, kisha kikapauka polepole hata mama asitambue mabadiliko. Wa pili, tabaka la juu la choo huweza kupakwa rangi na mkojo uliokolea au na utando wa utumbo wenye manjano. Kigawanye kwa kijiti utazame ndani. Wa tatu, muuguzi huuliza "choo kikoje?" na mama hujibu "cha kawaida". Huenda huyu ni mtoto wake wa kwanza, naye hajaona kingine cha kulinganisha. Usiulize. Omba nepi uione mwenyewe, na kama hakuna, mwambie mama apige picha mchana nepi za siku tatu mfululizo.

Mkojo wa kichanga nao unatakiwa uwe karibu na maji. Ukiacha doa la manjano kwenye nepi nyeupe kila mara, ni dalili ileile.

Dairekti ikishathibitika kuwa juu, kuna swali la haraka kuliko la kutafuta jina la ugonjwa: je, ini linafanya kazi? Pimeni sukari ya damu na muda wa damu kuganda, yaani INR. INR ikiwa mbaya, mpeni mtoto vitamini K kwa sindano na kurudia kipimo baada ya saa kadhaa. Ikirekebika, alipungukiwa vitamini K tu kwa kuwa bila nyongo haifyonzwi kutoka kwenye chakula. Isiporekebika, ini lenyewe linashindwa, na huyo haendi nyumbani wala hapangiwi tarehe ya kliniki.

Pamoja na hayo hufuata magonjwa yenye dawa, ambayo yakicheleweshwa huua. Maambukizi ya damu na ya njia ya mkojo ni ya kwanza. Mtoto wa wiki tatu mwenye manjano na dairekti juu, hata bila homa, aoteshwe mkojo na damu. Mkojo uchukuliwe kwa katheta au kwa sindano juu ya kibofu, kwa sababu mfuko wa kubandika huchafuliwa na vijidudu vya ngozi na majibu yake hupotosha.

Kaswende ni ya pili, na ni aibu kwamba bado tunaizungumzia. Ini na bandama vilivyovimba, mafua yenye damu, ngozi ya viganja na nyayo inayobanduka, mtoto asiyetaka kusogeza mkono kwa maumivu ya mfupa: mpimeni mama na mtoto siku hiyo. Kadi ya mama ikionyesha alipimwa mwanzoni mwa ujauzito na akawa salama, haitoshi. Angeweza kuambukizwa baadaye. Akiwa alitibiwa, tafuteni tarehe. Sindano ya penisilini ya benzathini iliyochomwa chini ya siku 30 kabla ya kujifungua haihesabiwi kuwa imemkinga mtoto. Tiba ya mtoto mwenye dalili ni penisilini ya mshipa kwa siku 10.

Galaktosemia ni adimu, lakini kuikosa ni kumwua mtoto kwa maziwa ya mama yake. Mwili hauwezi kuvunja sukari iliyomo kwenye maziwa, hivyo mtoto hutapika, sukari ya damu hushuka, mtoto wa jicho huanza kutanda, na mara nyingi huja akiwa na maambukizi ya bakteria wa E. coli kwenye damu. Mkojo wake, akiwa bado ananyonya, hutoa majibu ya sukari kwenye kipimo cha zamani cha kuchemsha ilhali kijiti cha glukosi kinasema hakuna. Ukishuku, simamisha maziwa yote na umpe ya soya kabla majibu hayajarudi. Damu ya kipimo cha kimeng'enya ichukuliwe kabla ya kumwongezea damu. Baada ya hapo utakuwa unapima damu ya mtu mwingine.

TSH ipimwe kwa kila mmoja wao, kwa sababu upungufu wa homoni ya thairoidi huchelewesha manjano na kudumaza akili, na dawa yake ni kidonge. Mvulana mwenye uume mdogo sana na sukari inayoshuka apimwe kotisoli. Tezi ya chini ya ubongo huenda haifanyi kazi. Na kichanga chenye ini linaloshindwa na vimeng'enya vya ini vilivyofika maelfu aanzishiwe asaikloviri bila kusubiri, maana virusi vya hepesi havingoji maabara.

Hayo yote yafanyike kwa mkupuo. Kosa tunaloliona sana ni kupima kimoja kimoja: wiki hii mkojo, wiki ijayo kaswende, nyingine ultrasaundi. Kila hatua ina mantiki yake, lakini kwa ujumla wake mtoto amepoteza mwezi.

Na mwezi ndio unaomgharimu mtoto mwenye mirija ya nyongo iliyoziba. Ugonjwa huu huanza karibu na kuzaliwa. Mirija inayotoa nyongo nje ya ini huvimba, hukauka na kugeuka kamba ya makovu, nayo nyongo iliyokwama hulichoma ini hadi linakuwa gumu. Ulaya na Amerika humpata takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000. Taiwan na nchi jirani huonekana zaidi. Asipofanyiwa upasuaji, mtoto kwa kawaida hafikishi miaka miwili au mitatu. Upasuaji wenyewe ulibuniwa na Morio Kasai huko Sendai, Japani, katika miaka ya 1950. Hukatwa ile kamba ya makovu hadi kwenye mlango wa ini, kisha kipande cha utumbo mwembamba huvutwa na kushonwa hapo ili nyongo ichuruzike moja kwa moja. Ukifanyika kabla ya siku 60, watoto wengi nyongo hutiririka tena. Kadiri siku zinavyosogea kuelekea 90 na kuzidi, nafasi hupungua sana, na kinachobaki ni kupandikizwa ini, huduma ambayo familia zetu nyingi huitafuta India kwa michango.

Basi piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto waonwe kati ya siku ya 7 na ya 14, hudhurio ambalo wengi hulikosa. Lile lisilokoswa ni la chanjo ya wiki ya sita, yaani siku ya 42. Kutoka hapo hadi siku ya 60 zimebaki 18, na ndani yake mnatakiwa kuingiza vipimo, rufaa, safari kutoka Kigoma au Mtwara, kitanda na zamu ya chumba cha upasuaji. Kwa hiyo anayechoma chanjo ndiye mlinzi wa mwisho. Akitazama paja tu asitazame macho na nepi, mlango umefungwa.

Kinachowaponza watoto hawa ni kwamba wanapendeza. Uzito wa kuzaliwa ni mzuri, wananyonya, wanacheka kwa wakati wake. Hakuna anayefikiria ini. Tena katika wiki za mwanzo ini linaweza kuwa limevimba kidogo tu. Liguseni vidole vikianzia chini kwenye nyonga na kupanda juu: ini gumu, au linalohisika katikati chini ya kifua, halitakiwi kupuuzwa. Bandama inayohisika wazi kufikia wiki ya nne au ya sita ni dalili kwamba makovu yameanza.

Ultrasaundi hufanywa mtoto akiwa na njaa ya saa nne. Akiwa amenyonya muda mfupi kabla, mfuko wa nyongo hunywea na mpimaji huandika kwamba haupo. Mtoto ambaye sukari yake hushuka awekewe dripu ya glukosi wakati huo. Kinachotafutwa ni mfuko usiokuwepo, mdogo au wenye kingo zisizo sawa, na kovu la pembe tatu juu ya mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini. Uvimbe wa maji kwenye mirija nao huonekana hapa, na una upasuaji wake. Lakini tunaomba lieleweke hili: ultrasaundi ya kawaida haimtoi mtoto kwenye ugonjwa. Wapo wenye mirija iliyoziba na mfuko unaoonekana vizuri.

Baada ya hapo ni kinyama cha ini kinachochukuliwa kwa sindano, INR na chembe sahani zikiwa salama. Mirija midogo iliyoongezeka, vidonge vya nyongo ndani yake na makovu kuzunguka ni picha ya kuziba. Kikichukuliwa mapema sana picha huweza kuwa bado haijajengeka, kwa hiyo choo kikiendelea kuwa cheupe, rudieni. Jibu la mwisho liko mezani kwa daktari wa upasuaji: hudunga dawa ya kuonyesha njia ndani ya mfuko wa nyongo na kupiga eksirei. Ikipanda kwenye ini na kushuka utumboni, mirija iko wazi na tumbo hufungwa. Isipopita, upasuaji wa Kasai huendelea palepale.

Yanayochelewesha yanajulikana. Kipimo cha skani ya mionzi hutanguliwa na siku tano za fenobabito. Nyongo ikionekana utumboni huondoa shaka ya kuziba, lakini isipoonekana haithibitishi chochote, na siku tano zimekwenda. Majibu ya virusi vya sitomegalo yakiwa chanya, wengi hupumua na kusema chanzo kimepatikana. Virusi hivyo vimeenea mno kwetu, na mtoto huweza kuwa navyo na mirija iliyoziba vilevile; choo kikiwa cheupe, uchunguzi uendelee. Halafu ile ya kumwanzishia dawa ya kulainisha nyongo "tuone kwa mwezi mmoja". Mwezi huo haupo.

Kuna magonjwa mengine ya kurithi, na hapa tutapita haraka. Moyo wenye mnung'uniko na mifupa ya mgongo yenye umbo la kipepeo kwenye eksirei huelekeza kwenye ugonjwa wa Alagille, ambao upasuaji wa Kasai hauusaidii. Manjano ya ini yenye kimeng'enya cha GGT cha kawaida au cha chini huelekeza kwenye kasoro za usafirishaji au utengenezaji wa asidi za nyongo, ilhali kwenye mirija iliyoziba GGT kwa kawaida huwa juu. Mtoto aliyelishwa muda mrefu kwa mshipa ana sababu yake wazi, ingawa hata huyo choo chake kitazamwe.

Jambo moja zaidi kwa wenzetu wa wodi za dharura. Mtoto wa wiki nne hadi sita anayeletwa na degedege, utosi uliotuna, damu puani au kitovu kinachovuja damu, mpeni vitamini K na mtazame nepi yake. Damu ya ubongoni huweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wa ini ambao haukugunduliwa. Sindano ya miligramu 1 ya vitamini K wakati wa kuzaliwa isirukwe, hata kwa waliojifungulia njiani wakafika baadaye.

Tunachoiomba Wizara hakina gharama ya mashine: picha za rangi za choo ndani ya kadi ya kliniki. Japani ilianza kuzijaribu mkoani Tochigi katika miaka ya 1990. Taiwan iliziingiza nchi nzima mwaka 2004, na sehemu ya watoto waliofanyiwa Kasai kabla ya siku 60 ikapanda kutoka takriban asilimia 60 mwaka huo hadi 74 mwaka uliofuata. Ila zichapwe kwa usimamizi wa rangi. Msiombwe ninyi wa magazeti, mtusamehe. Wino wa gazeti hugeuza choo kizima kuwa kigonjwa, na kinyume chake.

Kwa anayeandika rufaa kesho asubuhi: umri uandikwe kwa siku, si "mwezi mmoja na kidogo". Andika bilirubini zote mbili na tarehe, rangi ya choo uliyoiona kwa macho yako, kama vitamini K ilichomwa, majibu ya kaswende ya mama na tarehe ya tiba. Andika namba ya simu ya mama na ya jirani mmoja. Kisha piga simu hospitali ya rufaa kabla mtoto hajaondoka, useme una kichanga cha siku kadhaa chenye choo cheupe, ili asipangiwe kliniki ya mwezi ujao.

Kundi la madaktari na wauguzi wa watoto,
Dar es Salaam